MKONO UKISHINDWA, SAUTI INAANDIKA

Mwezi huu tunazungumza juu ya simu, lakini si habari za muziki wala za picha. Tunazungumza juu ya wale wenye simu mkononi ambao kuandika kwao ni shida.

Watu hao tunawafahamu, ni jirani zetu. Yuko mzee ambaye vidole vinatetemeka, akibonyeza herufi moja zinakuja tatu. Yuko mama aliyeungua mkono na vidole vikabaki vimekunjika. Wako waliopata kiharusi upande mmoja, wenye baridi yabisi, na waliokatwa mkono vitani. Tena wako wengi wasio na jeraha lolote, ila hawakukaa shuleni vya kutosha, na kuitafuta herufi moja moja kwenye kioo kidogo kunawachosha hadi wanaacha. Wote hawa maneno wanayo. Kinachokosekana ni mkono.

KUANDIKIWA NA MWINGINE

Zamani mtu asiyejua kuandika alikwenda kwa mwandishi wa barua, akakaa karibu naye, akasema, na yule akaandika. Siku hizi mwandishi wa barua ni mtoto wa nyumbani. Mama anamwita binti yake, “Njoo uniandikie ujumbe kwa baba yako.” Binti anaandika.

Ni msaada mzuri, na watoto wetu wanastahili shukrani. Lakini tufikiri kidogo. Baba yuko mbali, labda ni mwaka wa tano. Mama anataka kumwambia kwamba deni la dukani limekua, kwamba daktari amemwambia habari fulani, au kwamba ameanza kuchoka kungoja. Atayasemaje hayo kupitia kinywa na vidole vya mtoto wa miaka 12? Anapunguza, anasema “sisi wazima, Mungu anasaidia”, na neno lenyewe linabaki moyoni. Au analisema, na mtoto anabeba mzigo usio wa umri wake.

Kwa hiyo jambo hili si mchezo wa teknolojia. Ni mtu mzima kuweza kusema neno lake mwenyewe, kwa mtu wake, bila kupitia kwa mwingine.

NI KITU GANI HIKI?

Ni programu iliyo ndani ya simu au kompyuta. Wewe unasema, yenyewe inaandika. Wengine watauliza, si kuna ujumbe wa sauti wa WhatsApp? Kweli upo, na kama unaongea na ndugu yako tu, unatosha kabisa. Lakini kuna mahali ambapo sauti haipokelewi: barua ya kuomba kazi, fomu ya shule, maelezo ya ofisini, au ujumbe kwa mtu ambaye yuko kazini na hawezi kusikiliza. Hapo panatakiwa maandishi.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1952 mafundi wa Bell Labs huko Marekani walitengeneza mashine iliyoitwa Audrey. Iliweza kutambua namba kuanzia 0 hadi 9, basi, na ilimfahamu vizuri mtu mmoja aliyezoeana nayo. Mwaka 1997 ilitoka programu ya kompyuta iliyoitwa Dragon NaturallySpeaking, ambapo mtu aliweza kusema mfululizo bila kusimama kila baada ya neno. Lakini hizo zote zilikuwa za Kiingereza na lugha nyingine kubwa za matajiri. Kiswahili kilingoja. Mwaka 2017 Google ilikiingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti, pamoja na lugha nyingine karibu 30. Mwaka 2024 ikaongeza lugha nyingine 15 za Afrika, na Kirundi ni mojawapo. Ndugu zetu wa Burundi, hapo na ninyi mmo.

Inafanyaje kazi? Mashine haina akili ya kuelewa unachosema kama jirani anavyoelewa. Inachukua sauti yako, inaikata vipande vidogo sana, inavilinganisha na sauti nyingi ilizosikilizishwa zamani, kisha inakisia: mlio huu unafanana na neno hili. Inakisia. Tulishike neno hilo, tutalirudia.

SAUTI ZILIZOKUSANYWA KIGALI

Sasa swali ni hili: mashine ilisikilizishwa sauti za nani? Hapa kuna habari ya Kigali ambayo ni nzuri kuijua.

Mwaka 2017 shirika la Mozilla lilianzisha kazi inayoitwa Common Voice. Mtu yeyote anaweza kuingia, anasoma sentensi kwa sauti, na watu wengine wanasikiliza na kusema kama imesomwa sawa au hapana. Sauti zote zinawekwa wazi, fundi yeyote duniani anazichukua bure kuifundisha mashine yake.

Mwaka 2019 vijana wa Kigali, wa kampuni inayoitwa Digital Umuganda, walianza kushirikiana na Mozilla kwa lugha ya Kinyarwanda. Jina lenyewe mnalielewa. Umuganda ni ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanatoka na majembe kufagia, kuchimba mifereji na kutengeneza barabara. Wao walisema, tufanye umuganda wa sauti, kila mmoja alete sentensi zake chache. Zikaletwa, hadi zikapita saa 2,000. Kinyarwanda, lugha ya nchi ndogo, kikawa kati ya lugha zenye sauti nyingi kabisa kwenye Common Voice, kikizipita lugha nyingi za Ulaya. Hawakungoja mtu tajiri wa mbali awakumbuke.

Kiswahili kilifuata. Mwaka 2021 Mozilla ilipata msaada wa dola milioni 3.4 kwa ajili ya kukusanya sauti za Kiswahili, na kazi ikaendelea. Mwaka huo huo wa 2017 Google ilipokiingiza Kiswahili kwenye simu, Rwanda nayo ilikifanya kuwa lugha rasmi ya nchi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba lugha yetu haina nafasi.

KISWAHILI CHETU NA KISWAHILI CHA MASHINE

Lakini tusema ukweli. Kwenye kuandika kwa sauti ya Google, Kiswahili unachokuta ni cha aina mbili: cha Kenya na cha Tanzania. Sisi wengi tumetoka Kivu. Tunasema “mutoto”, “muntu”, “bintu”, “kuya hapa”. Tukitaka kuondoa kitu tunasema “kutosha”, na Mtanzania anafikiri tunamaanisha kwamba kimetosheleza. Katikati tunaweka Kifaransa, mara Kinyarwanda kidogo. Hicho ni Kiswahili chetu na hatuoni aibu nacho. Mashine, hata hivyo, haijakisikia sana. Ukisema “leta bintu”, itatafuta neno linalofanana na ilizozizoea, na itaandika kitu kingine.

Wako wanaoanza kushughulikia jambo hili. Shirika la Translators without Borders, katika mradi wake wa Gamayun, limekusanya Kiswahili cha Kongo kama lugha yenye haki yake. Kwa leo, lakini, ukiongea na simu, ongea kama unavyosoma kitabu cha shule au kama mtangazaji wa redio. Watoto wanaosoma wawasaidie wazazi katika hili. Si kumwandikia mama, ni kumfundisha mama namna simu inavyosikia.

NAMNA YA KUFANYA

Ifahamike kwamba simu ya tochi haina jambo hili. Inatakiwa simu ya kupangusa. Nyumba isiyo nayo inaweza kuazima kwa jirani, lakini msome kwanza sehemu ya siri hapa chini.

1. Fungua mahali pa kuandika ujumbe, gusa ule mstari wa kuandikia. Kibodi itapanda.

2. Tafuta alama ya kipaza sauti kwenye kibodi. Kwenye simu nyingi za Android kibodi inaitwa Gboard. Kama yako ni nyingine na haina Kiswahili, Gboard inapakuliwa bure.

3. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, tafuta sehemu ya kuandika kwa sauti, kisha lugha, uchague Kiswahili. Hili linafanywa mara moja tu, na hapa mtu akikusaidia si mbaya, maana bado hujasema siri yoyote.

4. Washa intaneti. Mega zinazotumika si nyingi kama za kuangalia video, lakini usitegemee kwamba itafanya kazi bila mtandao.

5. Gusa kipaza sauti, ngoja kidogo, sema. Sentensi moja fupi, simama, angalia, halafu nyingine. Usikimbie, na usipige kelele. Simu iwe karibu na kinywa, mbali na redio na watoto wanaocheza.

6. Nukta na mkato usitegemee vitakuja vyenyewe. Viongeze mwishoni, au tuma kila sentensi kama ujumbe wake.

Kwa mwenye shida ya vidole, simu isishikwe mkononi. Ilaze mezani au juu ya kitambaa ili isiteleze. Kugusa si lazima ncha ya kidole, hata kifundo cha kidole kinagusa.

Wenye nafasi ya kutumia kompyuta, fungueni Google Docs kwa kivinjari cha Chrome. Kwenye orodha ya zana mtakuta kuandika kwa sauti, na Kiswahili kimo. Hii inafaa sana kwa barua ndefu, kama ya kuomba kazi.

HERUFI MOJA INAGEUZA HABARI

Tulisema kwamba mashine inakisia. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari.

Wengi wetu tunapoongea tunameza herufi H. Tunasema “apana”, tunasema “awezi”. Mtu akikusikia anaelewa. Lakini angalieni maneno haya mawili: “hana homa” na “ana homa”. Ukiimeza H, mtu asiye na homa amekuwa mgonjwa. Angalieni tena: “hatakuja” na “atakuja”. Mtu mmoja anakuja, mwingine haji, na tofauti yao ni herufi moja tu. Tuseme umemwandikia shangazi kwamba mtoto hatakuja kwa basi la Ijumaa, na simu imeandika atakuja. Shangazi ataenda stendi, atangoje hadi usiku, na moyo utaruka.

Dawa yake ni kuchagua maneno yasiyogeuka. Badala ya “hana homa”, sema “homa imekwisha”. Badala ya “hana dawa”, sema “amekosa dawa”. Badala ya “hatakuja”, sema “safari imeahirishwa” au “amebaki kwetu”. Maneno haya hayageuki kinyume hata H ikimezwa, na mashine ikikosea mara nyingi utaona kwamba imekosea, maana sentensi itakuwa haina maana. Kosa baya zaidi ni lile linalosomeka vizuri.

Mambo mengine ya kuangalia kabla ya kutuma:

Majina ya watu. Mashine haijui majina yetu, italeta neno lolote. Majina yaandikwe kwa mkono, hata kama ni polepole, au mtu akusaidie hilo neno moja tu.

Namba. Namba ya simu, kiasi cha pesa, tarehe: soma tarakimu moja moja.

Saa. Sisi tukisema saa tatu asubuhi, ofisi inaandika saa 9. Ongeza daima neno asubuhi, mchana au usiku.

Na asiyejua kusoma, atahakikishaje? Iko njia. Fungua Google Translate, chagua Kiswahili, sema maneno yako kwenye kipaza sauti, yataandikwa. Chini ya maandishi kuna alama ya spika. Ukiigusa, simu inakusomea ilichoandika. Ukisikia “ana homa” na wewe ulisema “hana homa”, umeshajua. Halafu unanakili maandishi na kuyapeleka kwenye ujumbe.

UKUTA WETU NI MWEMBAMBA

Kuandika kwa kidole ni kimya. Kuandika kwa sauti kunasikika. Na nyumba za kambini mnazijua, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Basi mama aliyekimbia kumtumia mtoto ili siri isitoke, asije akaitangaza kwa mtaa mzima. Tafuta saa ambayo watu wako kwenye maji au kanisani. Tembea hadi mahali pa wazi ambapo unaona anayekuja. Sauti ya chini inatosha kama simu iko karibu.

Pia jueni kwamba sauti yako inapopitia intaneti, inakwenda kwenye kompyuta za kampuni ili itambuliwe, ndipo maandishi yanarudi. Kwenye mipangilio ya akaunti ya Google kuna mahali pa kuchagua kama rekodi za sauti zihifadhiwe au zisihifadhiwe. Angalieni hapo. Namba ya siri ya pesa za simu usiitaje kwa sauti hata siku moja, iwe kwa mashine, iwe kwa mtu. Na maelezo mazito, kama yale ya usalama wako au sababu za kukimbia nchi, ni bora kuyasema uso kwa uso mbele ya mhusika, katika chumba kilichofungwa. Ukitumia simu ya kuazima, futa ujumbe baada ya kutuma.

KWA WENYE ULEMAVU NA WATOTO WA SHULE

Rwanda iliingia kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Mkataba huo unasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata habari na mawasiliano, pamoja na teknolojia ya kumsaidia. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto ambaye mkono wake hauandiki asimfiche nyumbani akidhani shule si yake. Njoo uongee na mwalimu. Mtoto anaweza kusema jibu, likaandikwa, na tukajua kwamba anaelewa.

Ila kwa mtoto ambaye mikono yake ni mizima, kazi ya nyumbani iandikwe kwa kalamu. Mtoto anajifunza herufi kwa kuziandika. Akiisemea simu kila siku, atafika mtihani na kalamu itakuwa mgeni kwake.

Jambo la mwisho, ambalo si rahisi kulisema. Programu hii haimsaidii kila mtu. Aliyepata kiharusi na ulimi ukawa mzito, au anayegugumia sana, mashine inaweza kumkosea kila neno, na inaumiza kuona maneno yako yanageuzwa upuuzi mbele ya macho yako. Mtu kama huyo tusimlazimishe wala tusimcheke. Ujumbe wa sauti upo. Na mwandishi mwaminifu bado ana kazi: mtu mzima mmoja ambaye familia imemchagua, anayejua kufunga kinywa.

TUFANYE UMUGANDA WETU

Mwezi huu tunaomba kila nyumba yenye simu ifanye jaribio moja. Mzee au mama wa nyumba aseme sentensi kumi za kawaida, na mtoto anayesoma aandike kwenye karatasi maneno yote ambayo mashine imekosea: neno lililosemwa upande mmoja, neno lililoandikwa na simu upande wa pili. Msiweke habari za siri, sentensi za sokoni na za shambani zinatosha. Leteni karatasi shuleni kwa walimu wa kujitolea.

Tutachagua maneno yanayorudi mara nyingi, na toleo lijalo tutayachapa pamoja na neno la kusema badala yake, ili mwenye mkono mgumu asianze kila mara kutoka sifuri. Wenye muda na mega, ingieni pia Common Voice msome sentensi za Kiswahili kwa sauti zenu. Vijana wa Kigali walifanya hivyo kwa Kinyarwanda, sentensi moja baada ya nyingine, na leo mashine inakisikia.